Mwaka Nilioitwa Nyekundu

Wiki tuliyomzika dada yangu Apiyo, mjukuu wangu Akinyi aliketi chumbani mwangu hapa Pap Onditi, kompyuta juu ya meza ninayokatia mboga, akiandaa picha za kijitabu cha mazishi. Namtaja yeye kwanza kwa sababu ndiye anayeyaandika maneno haya. Mimi sikupata kwenda shule, na kalamu huishika kama mtu anavyomshika nyoka aliyekufa. Nimemwonya aandike ninavyosema wala asinipambe. Picha za Apiyo zilitoka kila upande wa ukoo: nyingine za zamani, zisizo na rangi, kingo zake zimeliwa na mende, nyingine za simu, zenye rangi kali hadi macho yanauma. Akinyi alitaka zote ziwe za kijivu, ili marehemu asionekane kama wageni wawili waliokutana katika kurasa. Hakuzibadilisha moja moja. Aliandika maagizo machache ndani ya kompyuta ile, kwa lugha ambayo si Kiswahili wala si Dholuo, akaiamuru izipitie zote, nayo ikazipitia, rangi zikitoka kama zinavyotoka kwenye kitambaa cha bei rahisi kikiingia maji ya kwanza.

Miongoni mwa hizo palikuwa na picha ya harusi ya mjukuu mwingine, ambamo mimi na Apiyo tumesimama bega kwa bega. Tulikuwa pacha, na hata uzee ulitugawia makunyanzi bila upendeleo. Katika picha ile mimi nilivaa nyekundu naye alivaa kijani, kama ilivyokuwa desturi yetu tangu usichana. Kompyuta ilipomaliza kazi yake, wakabaki vikongwe wawili wenye uso mmoja, ndani ya nguo mbili za kijivu kile kile. Akinyi akasogea karibu na kioo, kisha akanigeukia, akaniita bibi kwa Dholuo, kwa sauti ndogo.

"Dani, sasa wewe ni yupi?"

Swali hilo nililisikia mara ya kwanza kabla mama yake hajazaliwa, na siku hizo nusura linipokonye mume.

Alijilaumu, nikamtaka alieleze kosa lake kwa maneno ya watu. Picha, alisema, ni nukta nyingi zilizobanana kama omena, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa juani. Kila nukta imebeba namba tatu: moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubuluu. Ukitaka kijivu, unahitaji namba moja tu. Kwa hiyo alikuwa amezijumlisha zile tatu akazigawanya kwa tatu, haki sawa kwa zote. Nyekundu yangu na kijani cha Apiyo zikatoa jumla zilizokaribiana, na kompyuta haikuona sababu ya kututofautisha. "Lakini jicho la mtu haligawi hivyo, Dani. Jicho huiona kijani kuwa angavu kuliko zote, nyekundu hufuata, buluu ndiyo ya mwisho. Nilipaswa kuipa kila rangi uzito wake." Akabadilisha mstari mmoja. Picha ikarudi, nguo ya Apiyo imepata mwanga kidogo, yangu imeingia giza kidogo, nasi tukawa tena watu wawili. Hata hivyo, aliongeza, mtu asiyetujua hatajua ni nani aliyevaa ipi. Namba tatu zikishakuwa moja, hakuna maagizo yatakayoirudisha ile moja kuwa tatu zile zile. Nilimwambia aache kusikitikia mashine, achukue ukurasa mpya, aandike.

Mwaka ninaoutaja, mimi na Apiyo tulikuwa wasichana wa kazi kwa Bi Rukia, mama wa Kiislamu aliyetoka pwani akafungua hoteli ya chakula Kaloleni, Kisumu. Kiswahili changu kilizaliwa katika jiko lile. Bi Rukia hakuvumilia neno lililokaa vibaya. Alikurudisha ulianze upya, hata kama mchuzi ulikuwa unaungua. Tulilala chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa mgongo wa jiko, kwa hiyo tulipojinyoosha mgongo ulipata joto na miguu ikabaki kwenye baridi ya dirisha. Dirisha lilitazama ua ambapo samaki walipaliwa magamba, na magamba yaliruka hadi kitandani. Asubuhi Apiyo alinitoa moja kwenye nywele akasema nimeanza kugeuka ngege, samaki wa ziwani. Kati ya chumba chetu na meza za wateja palikuwa na ubao tu, wenye nyufa. Sikuwahi kusoma gazeti, lakini kupitia nyufa zile nilijua nani amefukuzwa kazi bandarini, nani ameoa bila kumwambia mke wa kwanza, na nani anasema uongo juu ya mvua.

Chakula cha Bi Rukia kilizua ubishi kila siku. Aliwapika samaki wa ziwa kwa nazi, nazi zenyewe zikiletwa kwa gari moshi kutoka kwao, na wenyeji waliokuja mara ya kwanza walisukuma sahani mbali wakiuliza ni nani aliyetia sabuni ndani ya samaki. Naye akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akajibu, "Kula kwanza, ukose hamu baadaye." Walikula. Kesho yake walirudi, wakilalamika vile vile, na sahani zao hazikuhitaji kuoshwa sana. Leo wajukuu wangu hunipikia samaki kwa njia wanazoziona kwenye simu, na kila mara ninapoonja nazi naisikia sauti ile ikituamrisha tuseme "mchuzi umekwisha" wala tusiseme "mchuzi imeisha".

Jambo lililomshinda mwanamke yule hodari lilikuwa kututofautisha. Mmoja wetu aliunguza wali wa watu wa bandarini, Bi Rukia akauliza ni nani, na kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Hakupiga kelele. Aliondoka kimya, akarudi na vipande viwili vya kitambaa, akampa fundi wa cherehani aliyekaa barazani, naye akashona nguo mbili za mshono mmoja. Bi Rukia akatuita mbele ya wateja. "Wewe kuanzia leo ni Nyekundu. Wewe ni Kijani. Majina yenu ya kanisani mtayavaa Jumapili." Watu wakacheka, na jambo likakaa. Kaloleni nzima ikatuita hivyo. "Nyekundu, maji!" "Kijani, ongeza ugali, usinitazame kama nakudai!" Siri moja hatukuijua wakati ule: mtu akikupa rangi iwe jina lako, jina hilo linaishi tu pale ambapo rangi inaonekana.

Ochieng' alikuwa kijana wa reli, mmoja wa wale waliotengeneza njia ya gari moshi kuelekea Butere. Aliingia hotelini na kofia kichwani na vumbi la kokoto mikononi. Mara ya kwanza alihudumiwa na Apiyo, aliyekuwa mpole kwa wateja, naye akamwongezea mchuzi bila kuombwa. Mara ya pili alinikuta mimi, nikamfukuza mezani akanawe mikono. Alikwenda akanawa. Mara ya tatu akamkuta Apiyo, mara ya nne mimi, na kwa muda mrefu hakujua kwamba hatukuwa mtu mmoja. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa nyuma ya ubao nikichambua mchele, akimlalamikia mwenzake.

"Msichana wa hapa ana malaika na shetani. Jana ameniambia karibu, leo ameniambia nitoke."

"Bwana Ochieng', wale ni wawili."

"Wawili nini?"

"Wasichana! Au ulidhani anakwenda kubadilisha nguo kwa ajili yako?"

Meza yote ikaangua kicheko. Nilingoja aone haya anyamaze. Badala yake akauliza, kicheko kikiwa bado hakijaisha, "Anayenifukuza ni yupi?"

"Nyekundu."

"Basi huyo."

Mchele niliokuwa nikiuchambua niliurudia wote, maana sikujua tena nilitoa mawe au nilitoa mchele. Sikuwa msichana wa kusifiwa. Apiyo ndiye aliyesifiwa, kwa sababu alicheka, na watu wakicheka pamoja nawe hudhani wewe ni mzuri kuliko pacha wako. Mimi nilikuwa mkali tangu utotoni, na kila mtu aliyenipenda alinipenda licha ya ukali huo. Huyu alikuwa wa kwanza kuja kwa ajili yake. Tangu siku ile nilimtaka Ochieng', na sikumwambia mtu.

Kama ilivyopasa, yeye hakuja kusema neno mwenyewe. Alimtuma shangazi yake, ambaye sisi tulimwita Waya kama wao walivyomwita, awe mshenga. Waya alikuja Kisumu akakaa na Bi Rukia, akala samaki wa nazi bila kulalamika, jambo lililomfanya Bi Rukia amwamini mara moja. Alisema amekuja kwa ajili ya msichana wa nguo nyekundu. Lakini wazee wake wa Pap Onditi hawangetoka nyumbani kwa habari ya nguo; walitaka kumwona binti kwanza, angalau kwa picha. Bi Rukia akaona fahari. Alisema kama ni picha, tupigwe sote wawili, wazee waone hotelini kwake hakuna binti aliyefichwa. Akatupeleka studio, kila mmoja na nguo yake, akatusimamisha mbele ya pazia lililochorwa ngazi zisizokwenda popote. Mpiga picha alituambia tusicheke. Mimi sikuhitaji kuambiwa, na Apiyo aliogopa kile kioo cha kamera. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani sura zetu zikawa hazina tofauti hata moja. Waya hakuwapo. Aliichukua picha baadaye, ikiwa katika bahasha yake, akaifungulia mbele ya wazee.

Aliyotuletea Waya aliporudi aliyasema akiwa bado mlangoni, kanga imemteleza begani. "Mama Rukia, hii picha yenu imeniaibisha! Nimefungua, nimeambia wazee, hii hapa, ile ya red. Baba mdogo wa kijana ameshika, amegeuza hivi, amegeuza hivi. Ananiuliza, red iko wapi? Mimi naangalia, sioni red. Sioni green. Iko majivu tu, hapa majivu, hapa majivu!"

"Ungewaambia ni yule wa kushoto," alisema Bi Rukia.

"Ningejua ni ile ya kushoto, ningekaa hapa nikikupigia kelele?"

Ochieng' mwenyewe alikuwa mbali, amepelekwa kazini mwisho wa njia ya reli, na wazee hawakuona haja ya kumngoja. Waliuliza ni nani mkubwa. Waya akajibu kwamba Apiyo ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Hapo kwao mambo yakawa mepesi: mdogo haolewi akimruka mkubwa, hata wakiwa wametofautiana kwa muda wa kuchemsha chai. Walitoa neno kwamba watakuja kwetu Katito kumposa Apiyo. Bi Rukia alitaka kwenda Pap Onditi siku hiyo hiyo akawatengenezee akili. Waya akamzuia. Neno la wazee, alisema, halirudishwi na wajumbe. Likirudi litarudi pale pale watu watakapokaa pamoja.

Jioni ile tulikula wali uliobaki, tumekaa kitandani, migongo kwenye joto la ukuta. Niliamua nisiseme. Msichana aliyesema "huyo ni wangu" juu ya mwanamume aliyemposa dada yake alihesabiwa mlafi, na mimi nilikuwa na fahari nyingi kuliko nguo. Apiyo alikula sehemu yake, akaanza yangu.

"Humtaki huyu mtu wa reli?" akauliza.

"Wazee wamesema."

"Sikuuliza wazee. Wazee hawako kitandani hapa."

"Wewe je, unamtaka?"

"Mimi? Mtu aliyenidhani shetani nusu ya wiki?" Akalamba vidole. "Namtaka anayeweza kunitambua nikiwa nimekugeuzia mgongo. Lakini mimi sitakusemea, Adongo. Ukinyamaza nitaolewa mimi, nitakuwa na mume nisiyemtaka, na wewe utakuja kunitembelea umenuna. Fikiria."

Nilifikiri kwa siku nyingi. Wasomi wa leo huniambia kwamba katika ujana mtu huwa huru. Mimi nakumbuka sahani nilizoziweka mezani kwa kishindo hadi Bi Rukia akaniuliza zimenikosea nini.

Tulikwenda Katito siku iliyopangwa. Mama yetu aliposikia habari ya Nyekundu na Kijani alikasirika sana. Alisema alituzaa tukiwa na majina, hakuzaa bendera, akazikunja nguo zile na kutuvika sote nyeupe za kanisani. Kwa hiyo wageni walipoingia na kuketi, baada ya maombi marefu na chai, Ochieng' alijikuta mbele ya picha ile ile, safari hii ikipumua. Waya alikuwa amekwisha kumnong'oneza kosa lililotendeka. Baba yake mdogo, mzee mfupi mwenye fimbo, hakutaka minong'ono. Alisema kijana amedai kwamba wazee wamekosea; vyema, wasichana hawa hapa, na amwonyeshe aliyemtaka.

Ochieng' alisimama, kofia ameirudisha kichwani baada ya maombi. Alinitazama, akamtazama Apiyo, akarudi kwangu, akarudi kwake. Nilikaza uso nisimsaidie. Apiyo naye, Mungu amrehemu, alikaza wake vile vile, kwa makusudi, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekusudia kuniacha nisimame kwa miguu yangu. Mke mwenza wa mama yangu, aliyekuwa karibu na mlango, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu alikwenda soko ya mbuzi, amesahau rangi ya mbuzi yake." Wanawake wakaziba midomo.

"Mzee," alisema Ochieng', "sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Mzee. Ninamjua akisema. Akinyamaza, simjui."

Baba yake mdogo akagonga sakafu kwa fimbo. "Basi chagua! Iko mbili tu!"

"Sitakisia."

Niliona jasho likimteremka shingoni. Katika miaka yote iliyofuata, miaka ya kuzaa na kuzika na kulima mpunga, nimewaona wanaume wengi wakikisia kwa sauti kubwa ili wasionekane wajinga. Angekisia siku ile, angeweza kupata. Nami ningeishi hadi leo bila kujua kama nilichaguliwa au niliokotwa. Yeye alikubali kuwa kichekesho mbele ya wakwe. Mzee akavuta pumzi, akamgeukia baba yangu kusema kwamba basi neno la kwanza lisimame, la Apiyo, na hapo nikasikia sauti yangu kabla sijaipa ruhusa.

"Ni mimi. Nawe vua kofia, Bwana Ochieng', hii ni nyumba ya mama yangu."

Alivua. Alivua haraka hivi kwamba ilimponyoka ikaangukia kikombe cha Waya. Kisha akacheka, peke yake, kicheko cha mtu aliyetua gunia, akasema, "Wazee, ndiye huyo." Mama yangu aliniangalia kwa jicho ambalo ningelilipia baadaye. Baba mdogo wa Ochieng' alikuwa bado hajacheka. Alikuwa na neno moja, na lilikuwa la haki. Akamuuliza Apiyo kama yeye, mkubwa, anakubali kupitwa.

"Nakubali, Mzee."

"Hutakasirika kesho?"

"Nikikasirika nitakuja Pap Onditi niwaambie mwenyewe. Sitatuma picha."

Hapo ndipo mzee alipocheka, na alipocheka fimbo ilimtoka mkononi, na nyumba nzima ikafuata. Wanaume wakaanza kuzungumza habari za wanaume. Mimi nilitolewa nje kama mtoto aliyekojoa kanisani, na kwa mara ya kwanza sikujali kutolewa.

Nilimtafuta Apiyo jikoni, hakuwako. Nilimtafuta kwa mama, hakuwako. Moyo wangu ulianza kuniuma, kwa sababu ni jambo moja kukubali mbele ya watu na ni jambo lingine kuwa peke yako baada ya kukubali. Nilimkuta nyuma ya ghala, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, sahani mapajani. Sahani hiyo niliijua; ilikuwa na firigisi na kile kipande cha mgongo wa kuku, ambavyo kwetu mwanamke hakuvigusa, vilivyokuwa vimewekwa tayari kwa baba mdogo wa Ochieng'. Alikuwa anatafuna taratibu, macho yakiwa mekundu kidogo. Sikumuuliza kama ni moshi.

"Umechelewa kusema," aliniambia. "Kuku amepoa."

"Apiyo, hicho ni cha mgeni."

"Mgeni ana shughuli ya kucheka." Akaikata firigisi kwa meno, akanipa nusu. "Kula upesi. Huko unakokwenda hawatakupa."

Nilikaa naye juu ya kinu, nikala. Alikuwa amesema kweli. Hawakunipa, mpaka nilipopata jiko langu mwenyewe.